Dakika saba za kushuka kwenye gari zilinila milioni 1.6: wapiga picha, tulinde vifaa vyetu njiani

Leo naongea zaidi na wenzangu wa studio na wapiga picha wa matukio. Ila hata wewe unayebeba simu za kuuza, vipodozi au printa kwenye gari, soma mpaka mwisho, maana mwizi hachagui biashara.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe, halafu tuingie kwenye mbinu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na kazi mbili siku moja: asubuhi kipaimara kijijini, jioni sendoff hapa Sumbawanga mjini. Niliazima Probox ya jirani yangu wa duka. Kipaimara kikaisha salama, nikageuza kurudi mjini, nikapita kituo cha mafuta. Hela ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera. Kwa hiyo nikafungua buti, nikafungua begi, nikatoa hela, nikafunga. Watu wamesimama pale, bodaboda, wauza karanga, wanaosubiri usafiri. Nikalipa, nikasogeza gari pembeni, nikafunga milango, nikavuka barabara kununua maji na betri za taa.

Dakika saba hivi. Niliporudi vioo vizima, milango imefungwa, begi hamna.

Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa haushiki loki. Jirani alishaniambia tangu asubuhi, nikasahau. Na Probox mnaijua: ukifungua mlango wa nyuma unainama tu juu ya siti, mkono unafika kwenye mzigo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi:

Kamera ya mtumba: 780,000
Lenzi: 350,000
Taa ya flashi: 120,000
Betri mbili na chaja: 80,000
Begi: 40,000
Kukodi kamera ya mwenzangu ili nifanye sendoff jioni: 80,000
Kurudisha hela ya kipaimara: 150,000

Jumla 1,600,000. Lakini iliyoniuma zaidi ni hiyo ya mwisho, kwa sababu kadi yenye picha za kipaimara ilikuwa ndani ya kamera. Nilienda kwa ile familia kesho yake asubuhi, nikasema ukweli, nikaweka hela yao mezani. Mama wa mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, hela nitaipata tena. Kipaimara cha mtoto hakirudi."

Kamera nyingine nilinunua baada ya miezi kadhaa. Zile picha sitazipata. Ndiyo maana naandika.

Kwa nini kusimama kidogo ni hatari kuliko kulala safari

Ukienda kulala Namanyere au Matai unajipanga. Unashusha kila kitu, unaingiza chumbani, unafunga. Tatizo ni pale unaposimama kidogo: mafuta, maji, choo, kuchukua keki, kumsubiri maharusi saluni. Akili inakwambia "narudi sasa hivi", kwa hiyo hushushi kitu na hufungi vizuri.

Mwizi wa kwenye gari hahitaji nusu saa. Anahitaji mambo matatu tu: ajue kuna kitu, ajue umeondoka, na mlango au kioo kimruhusu. Mimi siku ile nilimpa yote matatu, tena la kwanza nilimwonyesha kwa mikono yangu nilipofungua begi mbele ya watu.

Na tuache ule usemi wa "hapa Sumbawanga nani atathubutu kuiba?" Wageni wanaogopa jina la mji wetu, na sisi wenyewe tunatania kwamba ukiiba huku utaota mkia. Wazee wanatuambia jina lenyewe kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi. Kama uchawi ulishatupwa, ndugu yangu, kamera yako inalindwa na loki tu.

1. Panga mzigo kabla ya kuondoka, siyo ukifika

Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote na haina gharama. Kila kitu cha thamani kifichwe pale unapoanzia safari, ambako hakuna anayekutazama. Ukifika unaposimama, unazima gari, unashuka, unafunga, unaondoka. Buti haliguswi.

Ukisimama ndipo ukaanza kuhamisha begi kutoka siti ya mbele kwenda nyuma, umemwambia kila aliyekaa pale kwamba begi lina kitu cha maana. Bora hata ungeliacha pale pale.

Kwa hiyo hela ya njiani, simu, chaja ya simu, koti na maji vikae mbele, mbali na begi la kamera. Ukihitaji elfu 5 usilazimike kufungua kamera.

Na kama umelazimika kuhamisha vitu, hamishia sehemu moja, halafu endesha ukaegeshe sehemu nyingine. Hata mita 300 zinatosha kuwaacha waliokuona.

2. Begi lisifanane na begi la kamera

Begi jeusi lenye jina la kampuni ya kamera limeandikwa bei usoni. Mimi sasa natumia ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Nimeiosha, nimekata godoro la sponji nikatengeneza vyumba vya kamera, lenzi na flashi. Juu yake naweka kanga kuukuu. Nani atavunja kioo kwa ajili ya ndoo ya rangi?

Faida ya pili ya ndoo ni vumbi. Anayepita barabara za vijijini wakati wa kiangazi anajua, unafika begi limekuwa jekundu mpaka zipu. Mfuniko wa ndoo unabana kuliko zipu.

Kama ndoo huipendi, begi la kawaida la shule linafaa, weka sponji ndani. Kiroba cha unga nacho kinaficha vizuri, ila huku kwetu ambako mahindi ndiyo hela, usishangae mtu akaiba kiroba akijua anaiba unga!

3. Ijue gari unayopanda

Gari zetu nyingi za kazi ni Probox, IST, Noah na Hiace. Zote hizi buti limeungana na ndani, hakuna sanduku la chuma lililojitenga kama kwenye gari ndogo za saluni. Aliyefika siti ya nyuma amefika kwenye mzigo. Kwa hiyo:

Weka mzigo sakafuni, nyuma ya siti ya dereva, usiuweke juu ya siti. Funika kwa kitambaa cha rangi ya giza, chenye rangi ya gari kwa ndani. Kitambaa cha maua kinachong'aa kinaita macho.

Nunua mnyororo mwembamba au waya wa kufungia baiskeli pamoja na kufuli. Pitisha kwenye mshikio wa ndoo au begi, zungusha kwenye chuma cha chini ya siti, funga. Mwenye nia atakata, ila hatakata kwa sekunde 10 mbele ya watu. Unanunua muda, na mwizi wa dakika mbili hana muda.

Kabla ya kuondoka na gari ya kuazima au ya kukodi, jaribu milango yote, mmoja mmoja, na buti. Funga, vuta kitasa. Usiamini mlio wa rimoti. Na ukishuka popote, zunguka gari uvute vitasa tena. Ni sekunde 15. Ile loki ya Probox ya jirani tuliitengeneza baadaye kwa elfu 15. Linganisha elfu 15 na milioni 1.6.

Kioo kiwe juu mpaka mwisho. Tunapenda kuacha upenyo ili gari isiwe moto, lakini upenyo wa vidole vinne unatosha kuingiza waya na kuvuta loki.

4. Egesha panapoonekana

Usijifiche uchochoroni kwa sababu kuna kivuli. Egesha mbele ya duka lenye mtu, upande ambao wewe mwenyewe ukiwa ndani unaiona gari. Ukiweza, rudisha gari nyuma mpaka buti likaribie ukuta, lisifunguke.

Msalimie mwenye duka ukishuka. "Shikamoo mama, naomba uniangalizie gari, naingia hapo mara moja." Ukirudi nunua hata soda kwake. Huku kwetu ukishamsalimia mtu mzima vizuri umepata mlinzi. Ila usimwambie ndani kuna nini.

5. Kadi isikae kwenye gari. Haikai. Haikai.

Kama utachukua jambo moja tu leo, chukua hili. Kamera inanunulika. Picha za watu hazinunuliki.

Kamera nyingi tunazoanza nazo zina sehemu moja tu ya kadi. Kwa hiyo tukio likiisha, kabla hujapanda gari, toa kadi, weka kadi nyingine. Ile iliyojaa iweke kwenye kikasha kidogo cha plastiki, kikasha kiingie mfuko wa suruali wenye kifungo, au kwenye pochi ya shingoni ndani ya shati. Mwilini mwako mpaka ufike studio.

Zaidi ya hapo, nunua kisomea kadi kinachochomekwa kwenye simu. Ukiwa kwenye gari anaendesha mwenzako, hamisha picha muhimu kwenye simu. Siyo lazima zote 800. Hamisha zile 30 ambazo familia haiwezi kuzikosa: wakati wa kupakwa mafuta na askofu, picha na wazazi, picha na bibi na babu. Hata yakitokea mabaya, utakwenda kwa mteja na kitu mkononi.

Usitumie kadi moja kubwa kwa kazi mbili za siku moja. Kazi moja, kadi yake.

6. Abaki mtu, na ajue kazi yake

Nikiwa na msaidizi sasa tuna utaratibu: hatushuki wote. Mmoja anashuka, mwingine anabaki ndani, milango imefungwa. Kubaki siyo kushika simu na kuvaa spika za masikioni. Kuna mchezo wa watu wawili: mmoja anakugongea kioo cha kulia, anakuuliza njia ya Laela au anakwambia tairi limeisha upepo, mwenzake anafungua mlango wa kushoto. Mtu akikwambia tairi, mshukuru, funga milango, sogea mbele palipo na watu, ndipo ushuke uangalie.

Ukiwa peke yako, beba kamera. Ndiyo, hata ukienda chooni. Lenzi za ziada na stendi vibaki vimefungwa kwenye mnyororo, mwili wa kamera na lenzi yako kubwa uende navyo kwenye begi la mgongoni.

7. Kama huna gari

Wengi wetu tunapanda Noah za abiria, Hiace au bodaboda. Kwenye gari za abiria begi la kamera likae mapajani, siyo kwenye keria wala nyuma na magunia. Gari ikisimama na wauza bidhaa wakajaa dirishani, shika mkanda wa begi, umezungushwa mkononi. Ukishuka kununua chakula, shuka nalo. Usimwachie abiria wa jirani hata kama mmepiga stori tangu Tunduma.

Kwenye boda, begi mbele ya kifua, siyo mgongoni na siyo kwenye keria ya nyuma kwa mpira. Ukisimama mahali, usimwachie boda begi eti "nisubiri". Hata kama ni mwaminifu, pikipiki haina mlango wa kufunga.

8. Joto na baridi navyo ni wezi

Hii wengi hatuihesabu. Kampuni nyingi za kamera zinaandika kwamba kamera ifanye kazi kwenye joto la nyuzi 0 mpaka 40. Gari iliyofungwa juani inaweza kupanda nyuzi 20 juu ya joto la nje ndani ya saa moja. Nje nyuzi 28, ndani unakaribia 50. Betri zinachoka, gundi za lenzi zinalegea. Kwa hiyo ukisimama muda mrefu kidogo, kamera isibaki garini kabisa. Ukisimama kidogo, iwe sakafuni, siyo kwenye dashibodi wala nyuma ya kioo.

Na sisi wa Ufipa tuna jambo letu. Sumbawanga tuko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Bonde la ziwa Rukwa liko karibu mita 800, na Kasanga kwenye ziwa Tanganyika ni chini ya hapo kidogo. Ukishuka Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni, au ukipitia Matai kwenda Kasanga, umeshuka karibu mita 1,000. Joto linaongezeka nyuzi kama 6 au zaidi, na kule ziwani hewa ina unyevu.

Mwezi wa 6 na wa 7 kamera iliyolala kwenye baridi yetu ukiifungua ghafla ziwani, inatoka jasho kama chupa ya soda ya friji. Jasho hilo likiingia ndani linazaa ukungu kwenye lenzi. Dawa yake ni rahisi: fika, acha kamera ndani ya ndoo au begi lililofungwa nusu saa mpaka saa moja, ipate joto taratibu, ndipo ufungue. Weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na kamera isilale garini usiku, kwa sababu ya wezi na kwa sababu ya baridi.

9. Mali bila daftari huisha bila habari

Methali hii tunaitumia kwa madeni, ila inafaa na hapa. Leo, kabla hujalala, fanya hivi:

Geuza kamera, angalia chini, kuna namba ya utambulisho. Andika kwenye daftari. Lenzi nayo ina yake, flashi nayo. Piga picha namba hizo kwa simu, ujitumie kwenye barua pepe yako.

Tunza risiti. Ukinunua dukani dai risiti ya EFD, na muuzaji aandike namba ya kamera kwenye karatasi. Ukinunua mtumba kwa mtu, andikishianeni, majina, simu, sahihi, na shahidi mmoja. Bila hivyo, hata kamera ikipatikana utathibitisha vipi ni yako?

Chora alama yako ndani ya mlango wa betri kwa kalamu isiyofutika. Mwizi hutazama nje.

Vile vifaa vidogo vya kufuatilia mzigo vinavyotumia bluetooth vinategemea simu za watu wanaopita karibu. Dar vinasaidia. Ukiwa njia ya Mtowisa vitakaa kimya. Kama unataka cha kufuatilia, tafuta chenye GPS na laini yake, na ujue kinahitaji mtandao na chaji.

10. Likishatokea

Usikimbizane na mtu uchochoroni peke yako. Na usipige kelele ya mwizi kwa kumshuku tu mtu. Tunajua kelele hiyo inaishia wapi, na kamera hailingani na roho ya mtu.

Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, ukiwa na zile namba, ufungue jalada upewe namba ya RB. Kitu kilichopotea na kitu kilichoibiwa siyo sawa, sema wazi umeibiwa.

Halafu wajulishe wenzako wa studio na mafundi simu, kuanzia hapa mjini mpaka Laela, Tunduma, Namanyere na Mpanda. Watumie picha za kamera na namba. Kamera ya mtumba lazima itafute mnunuzi, na wanunuzi ni sisi sisi. Na wewe ukiletewa kamera ya bei ya kutupwa, haina chaja, haina begi, muuzaji hajui hata kuiwasha, usiinunue. Kununua mali ya wizi ni kosa, na unamlipa yule yule atakayevunja gari yako kesho.

Mwisho, mwambie mteja mapema. Usimzungushe kwa "picha ziko kwenye kuhaririwa" wiki tatu. Mimi yule mama alinisikitikia lakini hakunitangaza vibaya, kwa sababu nilikwenda kesho yake, nikasema ukweli, nikarudisha hela yote. Mwaka uliofuata alinipa kazi ya ubatizo wa mjukuu wake. Nilipomaliza nikatoa kadi mbele yake, nikaiweka mfukoni, nikafunga kifungo. Akacheka, akasema, "Sasa umekua."

Haya ndugu zangu, msimu wa kipaimara na harusi haukawii. Kagua loki za gari leo, andika namba zako leo. Na mtumie mwenzako anayebeba kamera, umwokolee milioni yake.